Kichupa cha Damu Mpakani: Kwa Nini Sampuli Huchelewa Kuliko Kirusi

Mwishoni mwa Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox. Aligunduliwa Taveta, mpakani na Tanzania, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya. Aliyezoea ramani ya ukutani atauliza njia gani hiyo, maana Uganda na Rwanda zimepakana. Aliyezoea barabara za malori hataona ajabu. Mizigo ina njia zake, na kwa watu wa barabara Malaba, Mombasa, Holili na Rusumo vinaweza kuwa vituo vya safari moja.

Sasa tazama kazi aliyoibua mtu huyo mmoja mwenye vipele. Kenya ndiyo iliyompima. Uganda ilipaswa kujua kama aliambukizwa kwake au kwingine. Tanzania ilikuwa hatua chache mbele yake, na Rwanda ndiko alikokuwa anakwenda. Chimbuko la kirusi chenyewe, aina mpya iliyoitwa Ib, lilikuwa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu Kusini, Kongo. Nchi tano, mgonjwa mmoja. Julai hiyohiyo Burundi, Rwanda na Uganda nazo zikathibitisha wagonjwa. Tarehe 13 Agosti Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ikatangaza dharura ya bara. Kesho yake Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza ya dunia.

Baada ya kila mlipuko wa namna hii husomwa hotuba yenye maneno "ushirikiano wa kikanda", na ukumbi hupiga makofi. Ushirikiano huo hukwama wapi hasa? Jibu langu nalitoa mapema: fuata kichupa cha damu. Mtu mwenye kirusi mwilini huvuka mpaka kwa muhuri mmoja wa pasi, au kwa njia ya panya bila muhuri wowote. Kirusi hichohicho kikiwa ndani ya kichupa huweza kungoja vibali kwa wiki au miezi.

Kwanza tuone kwa nini kichupa kivuke kabisa. Kila nchi si ina maabara yake?

Inayo, na maabara hiyo inaweza kusoma vinasaba vya kirusi herufi kwa herufi. Kirusi cha Marburg, ndugu wa Ebola, kina herufi kama 19,000, korona takriban 30,000, mpox inakaribia 200,000. Lakini mfuatano mmoja wa herufi, ukiwa peke yake, hausemi mengi. Ni kama lahaja. Mtu akifungua kinywa Kariakoo, utajua ametoka Pemba, Mombasa au Lubumbashi kwa sababu masikio yako yameshasikia Kipemba, Kimvita na Kingwana. Ambaye hajawahi kusikia lahaja nyingine atasema tu kwamba huyu anaongea Kiswahili. Virusi navyo hubadilika kidogokidogo kila vinaponakiliwa, na tofauti hizo ndogo ndiyo lafudhi yao. Kuitambua lafudhi kunahitaji kuwa na za majirani, za mwaka huu na za miaka iliyopita.

Rwanda iliona faida yake mwaka 2024. Marburg ilipotangazwa huko tarehe 27 Septemba, nchi ilikuwa haijawahi kuwa na mlipuko wa ugonjwa huo. Hadi unamalizika Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki, wengi wa wagonjwa wakiwa wahudumu wa afya. Wanasayansi waliposoma vinasaba waliona kirusi hicho kinafanana sana na kile kilichopatikana Uganda mwaka 2014. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu miaka kumi nyuma mtu wa upande wa pili wa mpaka alisoma sampuli yake na kuiweka mahali ambapo wengine wangeiona. Angeifungia kabatini, Kigali wangebaki na lafudhi wasiyojua ni ya wapi.

Kamituga inatoa mfano mkali zaidi. Kirusi cha aina ya Ib kilikuwa kimepoteza kipande cha vinasaba ambacho kipimo kimojawapo kilichokuwa kikitumika kutambua kundi lake kilikuwa kinakitafuta. Kipimo kikitafuta kisichokuwepo, jibu hupotosha. Kwa hiyo taarifa ya kwamba kipimo kile hakifai ilipaswa kuvuka mpaka kabla ya mgonjwa kuvuka. Walioandika juu ya jambo hilo ni pamoja na watafiti wa Kongo na wa Chuo Kikuu cha Rwanda, katika ukurasa mmoja, wakati serikali zao zikirushiana maneno makali kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo. Nitarudi huko.

Kuna wakati eneo hili lilikuwa na maabara moja ya virusi kwa wote. Mwaka 1936 wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wakawa wanaitafuta homa ya manjano na kukutana na vitu vingine kabisa: kirusi cha West Nile mwaka 1937, kutoka kwa mwanamke wa kaskazini mwa Uganda, Zika mwaka 1947, kutoka kwa nyani aliyewekwa katika kizimba juu ya mti msituni. Mwaka 1950 taasisi ikageuzwa kuwa ya Afrika Mashariki nzima na kuitwa hivyo rasmi.

Ndiyo maana mwaka 1952 watu wa Newala, kule uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania ya leo, walipoanza kupinda migongo kwa maumivu ya viungo, damu yao ilipelekwa Entebbe. Ugonjwa uliitwa kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, chikungunya, na leo wagonjwa wa Brazil na India wanalitamka bila kujua Newala iko wapi. Mwaka 1959 ukazuka mwingine wa jamii hiyohiyo kaskazini mwa Uganda, ukapewa jina la Kiacholi, o'nyong'nyong, ukashuka hadi Kenya na Tanganyika na kuendelea kusini, ukaugusa umma wa watu wapatao milioni mbili. Entebbe ndiyo iliyokitambua kirusi chake. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, taasisi ya pamoja ya mifugo ilikuwa inashughulika na kirusi cha sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine miaka ya 1890. Walter Plowright na wenzake walitengeneza hapo chanjo iliyokuja kutumika kote duniani. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha, ugonjwa wa pili kufutwa duniani baada ya ndui. Ni habari ambayo kwa maoni yangu ingestahili sherehe kubwa kuliko iliyopata.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Reli ikagawanywa, ndege zikagawanywa, posta ikagawanywa. Maabara ya Entebbe haikugawanyika. Ilibaki ilipokuwa, neno la Afrika Mashariki likafutwa kwenye kibao, likaandikwa la Uganda. Hadi leo ndiyo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI.

Ni rahisi kuisimulia hadithi hiyo kwa huzuni, kana kwamba zamani tulikuwa wamoja tukaharibu. Nadhani si kweli. Sampuli ya Newala ilifika Entebbe bila kibali kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na mwenye nyumba mmoja, na mwenye nyumba alikuwa mkoloni. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa wa Newala damu yake inakwenda wapi. Makala yaliyotoka yalibeba majina ya Waingereza. Ule uzao wa kwanza wa Zika, uliotoka kwa nyani wa Uganda, leo uko kwenye orodha ya bidhaa za benki ya vijidudu nchini Marekani, na bei yake imeandikwa. Kazi ya sasa ni kurudisha wepesi ule wa zamani katika nyumba yenye wenye nyumba wanane, kila mmoja na ufunguo wake. Wanane, kwa sababu Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa 1999 sasa ina Kongo iliyoingia 2022 na Somalia iliyokamilisha kujiunga 2024.

Hebu tukifuate kichupa chenyewe. Sampuli inayoshukiwa kuwa na Marburg au Ebola hufungwa kwa tabaka tatu: chombo kisichovuja, ndani ya chombo kingine kisichovuja chenye kitu cha kufyonza, ndani ya kasha gumu lenye alama ya namba 2814 ya Umoja wa Mataifa. Si kila ndege inakubali kulibeba. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni makaratasi. Mtafiti anayetaka kuchukua sampuli ya Kagera na kuilinganisha na ya Mbarara anahitaji idhini ya maadili pande zote mbili, kibali cha utafiti (Uganda kuna baraza la taifa la sayansi na teknolojia, Tanzania na Kenya kuna tume za sayansi na teknolojia, COSTECH na NACOSTI) na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema nani anaimiliki, itapimwa nini na ikibaki ifanyweje. Kila ofisi ina fomu zake, ada zake na ratiba yake ya vikao. Kirusi hakina kikao.

Ukimuuliza mtafiti, atakwambia makaratasi hayo ni usumbufu. Ukimuuliza aliyeyatunga, atakukumbusha mwaka 1976. Ebola ilipozuka Yambuku, daktari kijana wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe, alikwenda huko, akachukua damu ya mtawa mmoja aliyekuwa mgonjwa, na sampuli zikasafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Kwa miongo kadhaa simulizi ya ugunduzi wa Ebola ilisimuliwa kwa majina ya Wazungu waliofungua chupa ile, jina la Muyembe likiwa pembeni au halipo. Mwaka 2019, akiwa mkuu wa INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, alitangaza kwamba damu itakayochukuliwa katika mlipuko wa Ebola uliokuwa ukiendelea itabaki Kongo. Anayetaka kuichunguza aje. Wapo waliosema anazuia sayansi. Mimi naona alikuwa anasema jambo ambalo mvuvi yeyote wa pwani analijua: ukimuuzia tajiri samaki wote ufukweni kabla ya kufika mnadani, usilalamike bei ya mjini.

Indonesia ilishalisema hilo mapema. Mwaka 2007 ilikataa kuendelea kutoa virusi vya mafua ya ndege kwa mtandao wa WHO, ikisema sampuli zake zinatengenezewa chanjo ambazo wananchi wake hawataweza kuzinunua. Ugomvi ule ulizaa mwaka 2011 utaratibu maalum wa kugawana virusi vya mafua na faida zake. Kuna pia Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika 2014, inayoipa kila nchi mamlaka juu ya rasilimali za vinasaba zilizo ndani yake. Iliandikwa watu wakifikiria zaidi miti ya dawa na mbegu, kisha likazuka swali: kirusi nacho ni rasilimali? Ni mali au ni balaa? Wanasheria hawajalimaliza.

Na wakati wakibishana, teknolojia imewazunguka. Leo kichupa si lazima kivuke. Maabara ya Goma au Kilifi inaweza kusoma vinasaba vya kirusi na kutuma herufi zake kwa intaneti, na mwenye kiwanda ng'ambo akaanza kubuni chanjo kabla damu haijatoka jokofuni. Hapo mkataba wa kuhamisha sampuli unakuwa kama kufuli la mlangoni wakati dirisha liko wazi. Ndipo mzozo mkubwa wa sasa ulipo. Mkataba wa dunia wa magonjwa ya mlipuko ulipitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025, ukiwa na sharti kwamba viwanda vitakavyoingia katika mpango huo vitenge asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vyao wakati wa janga, walau nusu yake bure, kwa ajili ya WHO kugawa. Lakini kanuni zenyewe za nani anatoa kirusi, kwa namna gani na analipwa nini ziliachwa ziandikwe katika kiambatisho cha baadaye. Walipitisha nyumba, wakaacha mlango.

Pamoja na umiliki kuna hofu, na hofu hii inatuhusu sisi kwa sisi.

Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walitangaza haraka aina mpya ya korona, Omicron. Zawadi yao ilikuwa kufungiwa safari za ndege ndani ya siku moja au mbili. Wafugaji wa Pembe ya Afrika wanaijua adhabu ya namna hiyo tangu zamani: mwaka 2000, Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka Saudi Arabia na Yemen, nchi za Ghuba zilifunga soko kwa mifugo yao. Ukijua kwamba kusema kutakugharimu, unapima mara mbili kabla ya kusema. Januari 2025 WHO ilitoa taarifa ya washukiwa wa Marburg Kagera. Wizara ya afya ya Tanzania ikasema vipimo havijaonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na mkuu wa WHO, akatangaza mgonjwa amethibitishwa, baada ya vipimo vya maabara inayohamishika ya Kabaile, Kagera, kuhakikishwa Dar es Salaam. Katika siku zile za katikati, daktari wa Bukoba, wa Ngara, wa upande wa pili wa Mutukula, alikuwa anafanya kazi kwa tetesi za WhatsApp. Mlipuko ule ulimalizika Machi. Watu wote kumi waliohesabiwa kuwa na ugonjwa walifariki.

Wakati wa korona tulishuhudia hofu hiyo ikipigwa muhuri. Aprili na Mei 2020 foleni za malori Malaba na Namanga zilinyooka kilomita kwa kilomita. Dereva alipimwa upande mmoja akaambiwa anao, akapimwa upande wa pili ikasemekana hana. Cheti cha jirani kilikuwa karatasi tu. Madereva na matingo walilala chini ya matela, wakapika barabarani, na kila wilaya ikawaona wao ndio ugonjwa. Nani alikuwa na kipimo sahihi, mimi sitaamua. Tatizo lilikuwa kwamba hakukuwa na kipimo ambacho pande zote ziliafikiana kabla kukiamini.

Na hapo ndipo pana habari njema, ingawa haivutii vichwa vya habari. Jumuiya ilikuwa imeanza mwaka 2017 mradi wa maabara zinazohamishika, kwa fedha za Ujerumani kupitia benki ya KfW na utaalamu wa taasisi ya Bernhard Nocht ya Hamburg. Mwaka 2020 maabara tisa zikagawiwa kwa nchi wanachama. Jambo la maana si magari. Ni kwamba mafundi wa nchi zote walifundishwa pamoja, vifaa vilevile, hatua zilezile. Fundi wa Namanga akisikia jibu kutoka kwa fundi wa Malaba, anajua limepatikanaje. Mwaka huohuo ukaja mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, cheti kikawa kwenye simu na kikaanza kuheshimiwa upande wa pili.

Mfano mwingine uko pwani. Taasisi ya pamoja ya KEMRI, shirika la Kenya la utafiti wa tiba, na wakfu wa Wellcome wa Uingereza, Kilifi, ilisoma vinasaba vya korona si vya Kenya pekee, bali vya Komoro na Ushelisheli pia. Ndivyo ilivyojulikana kwamba wimbi la Komoro la Januari 2021 lilikuwa la aina ya Beta. Njia ya majahazi na ya sampuli ikawa moja. Na Juni 2019, familia ya Wakongo ilipovuka kuingia Kasese na mtoto mwenye Ebola, UVRI ilithibitisha, Uganda na Kongo zikazungumza, na ndugu wakarudishwa Kongo ambako dawa za majaribio zilikuwepo. Mpaka ulitumika kama mlango, kwenda na kurudi.

Ukitazama mifano hii utaona kitu kimoja: kila iliyofaulu, watu wake walikuwa wameshafahamiana. Mkataba unaoandikwa katikati ya mlipuko huchelewa siku zote. Uganda ilithibitisha Ebola ya aina ya Sudan Kampala tarehe 30 Januari 2025, na siku nne baadaye majaribio ya chanjo yakaanza, kwa sababu dozi na taratibu zilikuwa zimewekwa tayari baada ya mlipuko wa Mubende wa 2022.

Udhaifu uko kwenye pochi. Maabara zinazohamishika ni pesa ya Wajerumani. Entebbe, Kilifi na Kinshasa zimetegemea sana Waingereza na Wamarekani, na mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake ya afya ghafla, miradi mingi ilisimama katikati ya sentensi. Tume ya utafiti wa afya ya Jumuiya ipo, imekuwa na makao yake Bujumbura, lakini michango ya wanachama kwa Jumuiya yenyewe huchelewa kila mwaka. Anayelipa mafuta ya gari ndiye anayechagua njia.

Narudi Kivu, kwa wale watafiti wa Kongo na Rwanda walioandika ukurasa mmoja. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalifika Goma, na kamati ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikatoa onyo ambalo lilipotea katikati ya habari za risasi: maabara ya INRB mjini humo ina sampuli za Ebola na vijidudu vingine, na iko hatarini kwa kukatika umeme. Walisihi pande zote ziilinde. Kutoka Goma hadi Rubavu, upande wa Rwanda, ni mwendo wa miguu.